Kesi ya Mti Namba Kumi na Saba

Jumanne, Februari 6

Nimepoteza mti. Leo, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mimi nikiwa nimepanua mdomo kwa daktari wa meno kule Brownwood. Mti namba kumi na saba, safu ya kusini. Umebaki kisiki, kipana kama meza ya chai. Si upepo. Si radi. Si mwizi. Umekatwa na shule!

Shule ya nyumbani, ya mkamwana wangu Kendra. Tangu Krismasi ipite amebandika duara kubwa la manila kwenye friji yao, katikati PEKANI, zile kokwa tunazoishi kwazo, na masomo yote yamelizunguka kama spoku za baiskeli. Wiki sita, kila somo pekani. Hesabu: kupima pekani. Sanaa: kuchora pekani. Historia: nani alikula pekani kabla yetu. Shamba ni langu, duka la kubangua ni langu, pekani ni zangu, lakini watoto ni wao. Nikanyamaza. Haya ndiyo malipo ya kunyamaza.

Nilijua kabla sijazima gari. Anga upande wa kusini lilikuwa kubwa mno.

Ilivyokuwa, kwa maelezo ya Kendra mwenyewe, ambaye hata hakuona aibu: jana, kipindi cha hesabu, Josie (miaka kumi na mmoja) alitafuta wastani wa mavuno ya kila mti msimu uliopita. Wastani, ratili tisini na nne. Namba kumi na saba, ratili kumi na tisa, tena kokwa ndogo kama kete za bao. Leo asubuhi, kipindi cha dini: ule mtini usiozaa, mwenye shamba akaamuru ukatwe. Kengele ya jikoni ikalia, kipindi kikaisha — kabla hawajafika kwa mtunza shamba anayeomba uachwe mwaka mmoja zaidi! Wamebeba nusu ya hadithi, wakaenda nayo kwenye uraia. Uraia: mahakama. Mti namba kumi na saba ukashtakiwa kwa uvivu. Josie mwendesha mashtaka. Hattie (saba) hakimu, ndani ya gauni la kuogea la mama yake. Wakili wa mshtakiwa, mbwa wao Deputy. Hakuwa na swali. Mzee wa baraza mmoja tu: mwanangu Royce, aliyekuwa amepita kuchukua kahawa.

Hatia. Royce akaenda kuleta chenso. Eti kazi za mikono!

Nilitaka kupiga kelele. Ganzi! Nusu ya uso bado imelala. "Royce, mmefanya nini?" ikatoka kama mtoto mwenye biskuti mdomoni. Hattie akanifuta mate kwa mkono wa joho. "Usilie, Bibi. Ulikuwa mvivu sana."

Hesabu za Josie nimezipitia mara mbili. Ni sahihi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jino.

Jumatano, Februari 7

Ganzi imetoka. Nimesema.

Nimewakalisha mezani kwao asubuhi, wote wanne, Deputy chini ya meza. Nikawaeleza jambo ambalo mkulima yeyote wa bonde hili analijua. Mpekani una maua dume na maua jike juu ya mti mmoja, lakini hayaamki pamoja. Miti yangu mingine yote ni ya aina ya Wichita. Majike yake yanafungua mlango mapema; madume yanaamka majike yameshafunga na kulala. Namba kumi na saba ulikuwa kinyume. Madume yake yanarauka. Upepo wa Aprili unatoka kusini, unabeba chavua yake, unapita nayo safu kwa safu, nyumba kwa nyumba —

"Mama," Kendra akasema, "Hattie ana miaka saba."

"Basi hakimu wa miaka saba ajue alimnyonga nani! Mti ule haukuwa wa kuzaa. Ulikuwa wa kuzalisha wenzake. Hizo ratili tisini na nne za wastani wenu, mnadhani zilitoka wapi?"

Josie akashika penseli, akaandika kitu, akakifuta. "Kwa hiyo mwaka huu wastani utakuwa…?"

Nikamwambia: robo. Chavua ya mipekani ya mwituni kule mtoni itatufikia kidogo, upepo ukipenda. Theluthi, kama nina bahati. Na bahati mimi sijawahi kuwa nayo. Nina mikono tu.

Hattie akaanza kulia kama king'ora. "Nimemnyonga asiye na hatia!" Na Kendra — huyu mwanamke! — macho yakamng'aa. "Lakini hili ni somo zuri mno! Uchavushaji! Na rufaa! Josie, lete manila nyingine." Nyumba inaungua, yeye anafundisha moto.

Royce ameinamia meza. Anatazama kikombe. Ndiye aliyenishikia utepe siku ninaubebesha mti ule, naunga kijiti cha aina nyingine juu ya shina. Alikuwa darasa la tatu, mwaka ambao baba yake, Harlan, aliondoka na trekta yetu na mwanamke wa Abilene. Tulibaki na mikono minne, miwili yangu na miwili yake, na kibanio kimoja cha kubangulia barazani. Nikamwambia, shika vizuri mwanangu, huyu ndiye baba wa shamba. Amesahau! Au hakusahau, ameona kuni tu. Sijui lipi ni baya zaidi.

Halafu nikakumbuka matawi. Februari! Mti ulikuwa umelala, vikonyo viko hai bado. Kijiti cha unene wa penseli chenye macho mazima ya kuchipua ukikiweka kwenye friji mpaka Aprili, ukakibebesha juu ya mti mwingine, umempata yuleyule. Si mtoto wake, ni yeye mwenyewe. Kupanda kokwa hakusaidii, unaota mti usiofanana na mtu yeyote wa ukoo.

"Matawi yako wapi?"

Royce akakohoa. Kuni za mpekani, moshi wake unapendwa. Amewapa wazima moto wa kujitolea kwa karamu yao ya nyama ya Jumamosi. Shina, matawi, vijiti, kila kitu. "Si wewe unasema kila siku tusitupe kitu, Mama?"

Nimeendesha gari na soksi tu, bila viatu.

Doyle Wachsmann, mkuu wa wazima moto, nimemkuta mbele ya lile jiko lao la pipa, ameridhika kama askofu. "Bi Nelda! Kuni safi hizi, Mungu akuzidishie." Nikamuuliza vijiti viko wapi. "Vijiti? Vile vya kuwashia? Tulijaribu jiko jana jioni. Limevuta vizuri ajabu!"

Nikapanda juu ya trela kuchakura mabaki. Miaka sabini na moja! Wazima moto watatu wamesimama na chai ya barafu mkononi, wananitazama. Mmoja akauliza kama nimedondosha pete.

"Nimempoteza baba wa familia," nikamjibu. Akavua kofia, maskini.

Nimetoka na vijiti kumi na viwili. Viwili macho yamebabuka. Vimebaki kumi.

Alhamisi, Februari 8

Gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, mfuko wa plastiki, droo ya chini ya friji. Friji ya dukani, siyo ile yenye duara. Nimeandika juu ya mfuko kwa kalamu nene: MSILE. MSICHORE. MSIPIME.

Jioni Josie amekuja dukani. Mashine ya kubangua nimeshaizima, nafagia maganda. Huyu mtoto haji kucheza. Anakuja na swali limeshanolewa.

"Bibi, vile vijiti vitatoa chavua lini?"

Nikamweleza. Aprili navibebesha juu ya mti namba nne, uko safu ileile ya kusini. Halafu kila kiangazi mtu apande ngazi, afunge chipukizi kwenye fito lisivunjwe na upepo wala ndege, apogoe, afunge tena. Ukiacha kiangazi kimoja, dhoruba moja inakurudisha mwanzo. Chavua ya kutosha shamba: mwaka wa sita. Huenda wa tano.

Akafumba jicho moja. Mimi ndivyo ninavyohesabu. "Nitakuwa na miaka kumi na saba. Wewe sabini na saba."

"Ndiyo."

"Ngazi atapanda nani?"

"Baba yako."

"Atakuwa anaendesha kutoka Houston kila kiangazi?"

Ufagio uliniganda mkononi. Josie akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alidhani najua! Kumbe Royce amepata kazi ya kreni bandarini. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi awajibu. Kendra ndiko kwao, ameshaangalia na nyumba. Ina chumba cha darasa. Chumba cha darasa!

Ningesema nini kwa mtoto? Nikampa ufagio.

Ijumaa, Februari 9

Royce amepita dukani. Amesema mvua itanyesha. Nikasema hainyeshi. Akasema mkanda wa mashine unapiga kelele. Nikasema unapiga kelele tangu wewe unasoma sekondari. Nikangoja. Akakuna shingo. "Basi, Mama." Nikasema haya, basi.

Watu wazima wawili!

Nimejiapiza: sianzi mimi. Anayehama ndiye anayeaga.

Mchana Hattie amekuja na lile gauni la kuogea linaburura chini, ameniletea hati ya wito. Bibi Nelda afike mahakamani, yaani dukani kwangu mwenyewe, kesho saa tisa alasiri, kusikiliza rufaa ya marehemu. Nafika kama shahidi mtaalamu.

"Na nisipofika?"

"Unafungwa kwenye banda la kuku."

"Na kuku?"

Akafikiri. "Wanapewa dhamana."

Jumamosi, Februari 10

Mchuma janga hula na wa kwao. Leo tumekula, na mchuzi juu.

Nilikusudia kutoigusa ile nyama. Nitakaa, nitakunywa chai, nitawaangalia wanavyoula mti wangu. Nyama ya kidari, imelala usiku kucha juu ya moshi wa namba kumi na saba. Nimekula vipande vitatu. Hapa hasomi mtu, niseme tu: sijawahi kula nyama tamu kama ile. Nimekasirika mpaka nikaongeza cha nne.

Doyle akapita na koleo lake. "Bi Nelda, unao mwingine wa aina hii?" Nilimtazama mpaka akaenda kuwasumbua watu wa maharage.

Baadaye nikamfuata. Nina shida na lori lake la ngazi, Jumatatu. Ili kubebesha Aprili, namba nne lazima ukatwe kichwa, matawi yote ya juu, sasa, kabla haujaamka. Doyle anaujua ule mti. Wilaya nzima inaujua. Ratili mia na arobaini msimu uliopita! "Uukate ule? Nelda, una hakika?" Nikamwambia njoo na lori. Akauliza tena. Nikamwambia njoo na lori, Doyle, na unyamaze.

Saa tisa, rufaa. Hattie ameketi juu ya mizani ya magunia kwa kuwa ndiyo kiti cha juu kuliko vyote, kwa hiyo kila akijitikisa sindano inacheza. Hakimu ana ratili hamsini na mbili, na gauni. Josie amehama upande, sasa ni wakili wa marehemu. Kendra mwendesha mashtaka, na koti la kanisani. Royce karani. Deputy amefukuzwa kazi.

Josie ananihoji vizuri. Maua, upepo, tarehe. Majibu yangu mafupi, naona Royce anaandika. Halafu Kendra akasimama.

"Shahidi, mti ule ulikuwa na kibao?"

"Haukuwa nacho."

"Kulikuwa na alama yoyote ya kumwonyesha mgeni kwamba ndio unaozalisha shamba zima?"

"Mgeni hapewi chenso."

"Mheshimiwa, naomba shahidi ajibu alichoulizwa." Loo, ningemtandika! Lakini alikuwa anauliza sawasawa. "Katika miaka kumi na miwili niliyoishi hapa, uliwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Uliwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba hii?"

"Mmoja. Alikuwa darasa la tatu."

Wote wakamgeukia karani. Royce akaweka kalamu chini.

"Nakumbuka utepe," akasema. "Wa kijani. Nilidhani ulikuwa ule mti mwingine uliokufa kwa barafu, Mama. Siku zote nimedhani ni ule. Niliona baba wa shamba alishaondoka zamani, na tunaishi tu."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mimi nilitazama mashine.

Hattie akagonga kwa kibanio. Hukumu: mti hauna hatia. "Samahani, mti." Adhabu: Baba apande ngazi kila kiangazi, afunge vile vijiti vya Bibi, mpaka vitoe lile vumbi la kuzalisha.

Royce akasimama wima, mikono nyuma, kama mshtakiwa wa kweli. "Sawa, Mheshimiwa."

Hattie akainama, sindano ikaruka. "Sawa ya kweli, au sawa kama ile ya kutengeneza baiskeli yangu?"

Josie akacheka. Kendra akacheka, halafu akaacha ghafla. Hata mimi nilicheka. Royce peke yake hakucheka. Alitazama nje ya mlango, upande wa kusini.

"Mahakama inipe muda," akasema.

"Muda gani?"

Akaokota kalamu. Mahakama ikaahirishwa kwa sababu hakimu alibanwa na choo.

Jumapili, Februari 11

Nimevunja kiapo. Nimeanza mimi.

Ni baada ya kanisa, mezani kwao. Watoto tumewatuma nje na mbwa. Nikaweka uma chini. "Houston. Nimejua tangu Alhamisi. Msimguse Josie, hakukusudia."

Kendra akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, tulitaka kukuambia vizuri."

"Hakuna kuambia vizuri. Kuna kuambia na kutoambia."

"Tuliogopa," akasema. Hivyo tu, bila manila. Basi nikakosa la kumpiga nalo. Akasema yeye yuko tayari kubaki, yuko tayari kwenda, asichoweza ni kuendelea kukaa kwenye viatu vya safari. Mwaka wa pili sasa anamsubiri Royce aseme neno moja. Mwaka wa pili! Kumbe si mimi peke yangu ninayeambiwa mvua itanyesha.

Royce akaanza. Bandarini wanalipa kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Shamba litatoa robo mwaka huu, na kosa ni lake. Atakaa vipi hapa, aitazame robo hiyo kila asubuhi? Na atakwendaje, aniachie? Tuone kufikia Machi. Tuone watakavyosema watu wa bandari. Tuone.

Nikamwambia Machi mti unaamka. Mti haungoji tuone.

Nikamwekea hesabu mezani, bila karatasi. Akibaki, kesho nakata kichwa cha namba nne. Napoteza mti wangu bora, miaka sita, halafu shamba linarudi, na ni lake. Akienda, sikati. Namba nne unaendelea kuzaa utakachoweza, nakula nitakachopewa na upepo, halafu nauza ningali naweza kupanda ngazi mwenyewe. Zote mbili zinawezekana. Nimekaa nazo siku tatu, nazijua mpaka senti. Kinachoshindikana ni kuukata mti mzima kichwa kwa ajili ya mtu ambaye hatakuwepo kuufunga.

Sikumwomba abaki. Nelda, kumbuka hilo. Hukuomba. Ulitaka, lakini hukuomba.

Royce akasukuma kiti, akatoka. Hakupiga mlango. Afadhali angeupiga.

Sasa ni saa kumi na moja. Niko dukani, naandika juu ya kaunta. Namwona kutoka hapa. Amesimama chini ya namba nne tangu saa tisa, kiganja kwenye gome, kama mtu anayempima mtoto homa. Hattie amempelekea koti. Ameliweka begani, hakulivaa. Josie amekaa juu ya uzio, kwa mbali, anahesabu kitu kwa vidole. Kendra amesimama barazani na mikono ameifunga kifuani. Ameniona dirishani, nami nimemwona. Akatikisa kichwa kidogo, kama kusema: mwite wewe, mimi nimeshachoka kumwita.

Nimefungua dirisha.

"Royce! Doyle anafika kesho saa moja asubuhi na lori la ngazi. Sitaki sawa, sitaki tuone. Nikate au nisikate? Kabla ya saa moja!"